Barua ya kuondoshwa Uingereza: jaji haulizwi kama unastahili kubaki

Ni nadra kukuta ukoo wetu, uwe Muscat, Dubai au Doha, usiokuwa na mtu wake Uingereza. Mmoja kenda kusoma, mwengine kamfuata mume, mwengine kaingia kwa matembezi na viza ikamwishia huko huko. Siku ikiingia barua ya Home Office kwamba mtu huyo anatakiwa aondoke nchini, simu huanza kulia huku kwetu. Na ushauri unaotoka huku, nasema bila kificho, mara nyingi ni wa aina mbili. Wa kwanza: nyamaza, usibishane na serikali, huenda wakakusahau. Wa pili: nenda mahakamani ukalie, una watoto, jaji atakuonea huruma.

Nafahamu unatoka wapi ushauri huo. Sisi tulioishi miaka mingi Ghuba tumezoea ukaazi unaoshikiliwa na kafili. Kafili akisema basi, mtu anafunga mzigo. Kwa hivyo tunadhani mbele ya serikali mtu ana njia mbili tu, kujificha au kuomba huruma. Uingereza iko njia ya tatu, na watu wa Uganda, Zaire, Kenya na kwengineko wameshaipita. Ni kwenda mbele ya jaji na kumuuliza kama ule uamuzi wa kumwondosha mtu ulipitishwa kwa mujibu wa sheria. Mawakili wa huko wanaiita judicial review. Sisi tuiite mapitio ya mahakama.

Makala haya hayachukui nafasi ya wakili. Nataka tu tufahamu njia hiyo inafanya nini na haifanyi nini, maana familia nyingi zinaifikia imechelewa, au zinaingia kwa matumaini yasiyokuwa yake.

Siyo rufaa

Nimefundisha sekondari maisha yangu yote, basi niruhusuni nitumie mfano wa mtihani. Mtoto kafeli. Akikata rufaa, karatasi yake inasahihishwa upya na mtu mwengine, na huyo mtu mwengine ana uwezo wa kusema: huyu kafaulu. Hiyo ndiyo rufaa.

Mapitio ni kitu chengine. Hapo hakuna anayesahihisha majibu. Yanaulizwa mambo mengine kabisa: Mtoto alipewa muda wake kamili? Maswali yalitoka ndani ya silabasi? Msahihishaji alisoma kurasa zote, au aliziruka mbili za mwisho? Ikithibitika kasoro, alama zinafutwa na karatasi inarudishwa kwa baraza lile lile la mitihani isahihishwe upya. Na yumkini mtoto akafeli tena, safari hii kwa haki.

Ndivyo ilivyo kwa barua ya kuondoshwa. Jaji hakai kuamua kama wewe ni mtu mwema, kama umelipa kodi, au kama majirani wanakupenda. Anatazama uamuzi wa Home Office. Mwaka 1984 jaji Lord Diplock alizipanga sababu za kuufuta uamuzi wa serikali katika mafungu matatu, na mpaka leo mawakili wanaanzia hapo: kwamba uamuzi uko kinyume cha sheria, kwamba hauna mantiki kiasi ambacho hakuna mtu mwenye akili zake angeufikia, au kwamba utaratibu wake haukuwa wa haki. Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998 ikaongeza mlango mwengine, kwani uamuzi usivunje haki zilizomo ndani yake, kama haki ya uhai na haki ya maisha ya familia.

Mtu atauliza, kwa nini nisiende kwenye rufaa tu, ambako jaji anatazama kila kitu? Kwa sababu rufaa siku hizi hazipatikani kwa kila mtu. Sheria ya Uhamiaji ya 2014 ilizipunguza sana. Kilichobaki kwa jumla ni rufaa ya mtu aliyenyimwa ukimbizi au hifadhi, au aliyekataliwa dai la haki za binadamu. Mwanafunzi au mfanyakazi aliyekataliwa kuongezewa viza, kwa kawaida anaruhusiwa kuomba Home Office wenyewe watazame kosa lao. Wakikataa, kinachobaki ni mapitio ya mahakama.

Hata muomba ukimbizi huweza kunyang'anywa rufaa. Home Office ikisema kwa maandishi kwamba dai lake ni wazi halina msingi, rufaa haipo. Watu wa Mombasa na Lamu walijue hili: Kenya imo katika orodha ya nchi ambazo sheria inazihesabu salama, kwa upande wa wanaume. Mwanamume wa Kenya akiomba ukimbizi na akakataliwa, ofisa anatakiwa alitie dai lake muhuri huo wa kukosa msingi, isipokuwa akiridhika kwamba msingi upo. Na yule aliyeshindwa zamani, kisha akapeleka ushahidi mpya, naye anaweza kujibiwa kwamba ushahidi wake haufikii kuwa dai jipya. Hapo pia hakuna rufaa. Wote hawa mlango wao ni mmoja.

Tangu Novemba 2013 kesi nyingi za aina hii, kwa Uingereza na Wales, zinasikilizwa na Upper Tribunal, chombo chenye majaji wa uhamiaji, na makao yake London ni jengo la Field House. Ubishi juu ya uhalali wa kufungiwa kizuizini unakwenda Mahakama Kuu. Aliyeko Scotland anakwenda Court of Session, Edinburgh.

Mganda aliyetaka kurudishwa Kenya

Kesi moja ya 1987 inafaa kusimuliwa, maana jiografia yake ni yetu. Raia wa Uganda aliyekuwa akiishi Kenya alifika Uingereza akaomba ukimbizi. Serikali ikaamua aondoshwe, apelekwe Kenya, siyo Uganda. Juu juu inaonekana sawa, Kenya aliishi na hakuuawa. Lakini ulikuwepo ushahidi kwamba Kenya iliwahi kuwakabidhi wakimbizi wa Kiganda kwa nchi yao. Je, waziri aliupima ushahidi huo kabla ya kusema Kenya ni salama kwa mtu huyu?

House of Lords, ambayo wakati ule ndiyo mahakama ya mwisho, ilisema hakuupima inavyotakiwa, na ikaufuta uamuzi. Lord Bridge aliweka kanuni ambayo mawakili wanaitumia mpaka leo: pale uamuzi wa serikali unapoweza kuyatia hatarini maisha ya mtu, mahakama lazima iuchunguze kwa uangalifu wa hali ya juu kabisa.

Tazama vizuri alichokipata yule Mganda. Majaji hawakumpa ukimbizi. Walisema uamuzi haukupimwa vizuri, ufanywe tena. Kwa mtu aliyeshika tiketi ya kwenda kusikojulikana, hilo siyo jambo dogo.

Mwalimu wa Zaire na waziri

Kesi nyengine ninaipenda kwa sababu mwenyewe alikuwa mwalimu. Mahakama ilificha jina lake, anajulikana kwa herufi M tu. Alitoka Zaire, ile Kongo ya Mobutu, akafika Uingereza 1990 na kuomba ukimbizi. Akakataliwa. Tarehe 1 Mei 1991 Mahakama ya Rufaa nayo ikamkatalia, na jioni ile ile alikuwa apande ndege.

Wakili mpya akakimbilia kwa jaji wa Mahakama Kuu, dakika zimebaki chache. Jaji akataka mtu huyo asiondoshwe mpaka amsikilize, na akaelewa kwamba wakili wa serikali amemuahidi hivyo. Ndege ikaondoka na M ndani yake, kwa njia ya Paris kwenda Kinshasa. Usiku ule jaji akapigiwa simu, akatoa amri kwamba Waziri wa Mambo ya Ndani amrudishe. Matayarisho ya kumrudisha yakaanza. Siku ya pili waziri, Kenneth Baker, akayafuta, kwa ushauri wa wanasheria wake kwamba mahakama haina uwezo wa kumuamuru waziri wa Taji.

Hapo swali likawa kubwa kuliko M mwenyewe: waziri anaitii mahakama kwa sababu analazimika, au kwa hisani yake? Mwaka 1991 Mahakama ya Rufaa ikasema Baker ameidharau mahakama. Julai 1993 House of Lords ikakubali kwamba dharau ilitendeka, ila ikaielekeza kwenye cheo cha waziri badala ya mtu binafsi. Lord Templeman akaeleza kwamba kusema serikali inatii sheria kwa hisani tu ni kuyageuza matokeo ya vita baina ya Mfalme na Bunge.

Niliposoma maneno hayo nilicheka peke yangu. Katika sekondari ya misheni tulikaririshwa habari za Mfalme Charles wa Kwanza na kichwa chake kilichokatwa 1649, na sisi watoto wa Kiarabu na wa Kiafrika wa pwani tukijiuliza yanatuhusu nini. Kumbe yanamhusu kila mtu aliyeshika barua ya Home Office. Ofisa aliyeisaini, na waziri aliye juu yake, wote wako chini ya sheria ile ile.

Lakini tusijidanganye. M alishinda kanuni, na safari ya kumrudisha ilikuwa imeshafutwa. Somo lake kwetu ni la saa. Aliyefika kwa jaji ndege inawasha injini kaitia haki yake kwenye bahati nasibu.

Ndege ya Rwanda

Wengi wenu mnakumbuka Juni 2022. Serikali ya Uingereza ilikuwa tayari na ndege ya kuwapeleka waomba ukimbizi Rwanda. Usiku wa tarehe 14 ndege haikuruka, baada ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kuingilia kati. Kilichofuata mahakamani London ni mapitio ya mahakama tupu.

Desemba 2022 Mahakama Kuu ilisema sera yenyewe inakubalika kisheria. Magazeti yaliandika serikali imeshinda. Lakini majaji wale wale walizifuta amri za watu wanane waliokuwa mbele yao, kwa sababu hali ya kila mmoja haikupimwa inavyotakiwa. Maana yake, hata sera ikiwa halali, uamuzi juu yako wewe binafsi unaweza kuwa mbovu.

Juni 2023 Mahakama ya Rufaa, majaji wawili kwa mmoja, ikasema Rwanda siyo nchi salama kwa watu hao. Tarehe 15 Novemba 2023 Mahakama ya Juu, majaji watano kwa sauti moja, ikakubaliana nayo: palikuwa na hatari ya kweli kwamba watu wangerudishwa kutoka Rwanda mpaka nchi walizozikimbia. Wasiwasi ule ule wa Mganda wa 1987. Bunge likapitisha sheria Aprili 2024 kutamka kwamba Rwanda ni salama, na serikali iliyoingia Julai mwaka huo ikauacha mpango mzima.

Kijana wa Kenya

Kesi ya Juni 2017 inawagusa wazazi zaidi. Kijana raia wa Kenya aliletwa Uingereza na wazazi wake akiwa na miaka 3. Akakulia huko, akaharibika, akafungwa kwa makosa ya dawa za kulevya. Kwa sheria ya huko, mgeni aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi kwa kawaida huamriwa kufukuzwa nchini. Hili la kufukuzwa ni zito kuliko lile la kuondoshwa kwa sababu ya viza tu.

Serikali ilikuwa na utaratibu wa kusema: ondoka kwanza, rufaa yako utaiendesha ukiwa kwenu. Kijana huyo na mwenzake wa Jamaica wakaomba mapitio. Mahakama ya Juu ikauliza maswali ya mtu mzima. Mtu aliyeko Nairobi atampata vipi wakili? Atatoa vipi ushahidi kwa video, na nani atalipia? Atamleta vipi mtaalamu wa kueleza kwamba amebadilika? Ikaonekana kwa wawili hao rufaa ya mbali namna ile haikuwa rufaa ya kweli, na amri za kuwaondosha kabla ya kusikilizwa zikafutwa.

Hapo pia hakuna jaji aliyesema kijana huyo ni mwema. Walisema asikilizwe sawasawa.

Kupewa taarifa ni haki

Jengine ambalo majaji wamelisimamia ni muda wa kumfikia wakili. Mwaka 2010 jumuiya ya Medical Justice, inayowasaidia waliofungiwa vizuizini, ilipinga utaratibu wa kuwaondosha baadhi ya watu kwa taarifa fupi mno au bila taarifa kabisa. Mahakama Kuu ikaufuta. Baadaye Home Office ikaja na mtindo mwengine: mtu anapewa siku chache za taarifa, kisha linafunguka dirisha la mpaka miezi 3 ambalo ndani yake huweza kuchukuliwa saa yoyote bila kuambiwa tena. Oktoba 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema huo nao haufai, kwani ulikuwa unahatarisha haki ya mtu kufika mahakamani.

Kwa hivyo mtu wako akipewa karatasi, tarehe iliyoandikwa juu yake ni kitu cha kwanza cha kumwambia wakili.

Saa inakimbia

Sasa tuje kwenye vitendo.

Maombi ya mapitio yanatakiwa yafikishwe upesi, na kwa vyovyote isizidi miezi 3 tangu uamuzi. Watu wanasoma hiyo miezi 3 na kutulia. Neno la kwanza ni upesi. Aliyekaa bila sababu anaweza kukataliwa hata kama miezi 3 haijatimia.

Kabla ya hapo wakili huandika barua kwa Home Office kueleza kosa liko wapi, na kwa kawaida inapewa siku 14 kujibu. Msiidharau barua hii. Kesi nyingine zinamalizikia hapo hapo, Home Office ikiona kosa lake inakubali kuamua upya. Ikiwa ndege iko karibu, hakuna kungojea siku 14.

Baada ya hapo kuna lango la ruhusa. Jaji anasoma karatasi peke yake na kuamua kama kesi ina hoja ya kusikilizwa. Hapa ndipo maombi mengi yanapoanguka. Akikataa, Upper Tribunal inatoa siku 9 za kuomba kusikilizwa kwa mdomo. Lakini akitia muhuri kwamba maombi hayana maana kabisa, hata hiyo nafasi haipo, na kinachobaki ni kujaribu Mahakama ya Rufaa kwa karatasi.

Na hili nalisisitiza, maana linaua watu: kufungua maombi peke yake hakusimamishi ndege kila mara. Pengine Home Office huahirisha safari, pengine haiahirishi, khasa kama mtu alishaleta hoja zile zile karibuni. Hapo wakili lazima aombe amri ya zuio. Yuko jaji wa zamu hata usiku, ila jaji wa zamu anataka kujua kwa nini hukuja jana.

Mtu akikamatwa na kufungiwa, iwe Harmondsworth au Colnbrook karibu na Heathrow, Brook House huko Gatwick, au Yarl's Wood, aombe siku ile ile aandikishwe kumuona wakili wa bure wa kizuizini. Nusu saa ya kwanza hailipiwi. Wewe uliyeko nje, andika jina la kituo na nambari yake ya Home Office, vinginevyo hakuna wakili atakayeweza kumtafuta.

Gharama? Kuna ada ya mahakama, na anayeshindwa anaweza kuamriwa alipe gharama za serikali. Msaada wa kisheria wa serikali uliondolewa kwa mambo mengi ya uhamiaji tangu Aprili 2013, lakini kwa mapitio ya mahakama bado upo katika hali nyingi, kwa mtu asiye na uwezo na mwenye kesi yenye mashiko. Ulizeni kabla ya kuuza dhahabu ya mama.

Wakili na "mjuzi"

Kila mji wenye Waswahili Uingereza una mtu wake anayejua kujaza fomu. Anapatikana kwenye harusi na kwenye msiba. Anataka pesa mkononi na hatoi risiti. Tangu sheria ya 1999, kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuwa na sifa au kusajiliwa ni kosa la jinai huko. Asiyekuwa wakili lazima asajiliwe na Immigration Advice Authority, ile iliyokuwa ikiitwa OISC mpaka Januari 2025, na rejesta yake iko wazi kwa kila mtu kuitazama.

Hatari yake haiishii kwenye pesa. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilitoa onyo kali kwa mawakili wanaoleta maombi ya dakika za mwisho yasiyokuwa na hoja, kwamba wataitwa wajieleze na huenda wakapelekwa kwenye chombo kinachowasimamia. Majaji wameshachoka na karatasi za kunakiliwa. Mtu wako akiingia na karatasi ya aina hiyo, inamharibia na ile hoja nzuri aliyokuwa nayo.

Ukweli wa mama wa Kitanzania

Kuna kesi ambayo siyo ya mapitio, ilikuwa rufaa, lakini siwezi kuiacha. Inaitwa ZH, Tanzania, na Mahakama ya Juu iliiamua Februari 2011. Mama wa Kitanzania alifika Uingereza 1995 na kuomba ukimbizi mara tatu, mara mbili kwa majina yasiyokuwa yake. Akazaa watoto wawili, 1998 na 2001, ambao ni raia wa Uingereza kupitia baba yao. Serikali ilitaka mama aondoke, na watoto wangelazimika kumfuata.

Mahakama ilisema maslahi ya watoto yatazamwe mwanzo, na makosa ya mama wasibebeshwe wao. Familia ikashinda. Watu wetu wakaishika nusu ya kesi hiyo: ukizaa na raia, umesalimika. Mahakama haikusema hivyo. Ilisema maslahi ya mtoto yana uzito mkubwa, na mambo mengine yanaweza kuyazidi. Na yale majina ya uongo yalikuwa ndiyo fimbo ya serikali katika kesi nzima.

Sote tunaujua mtindo wa miaka ile, mtu wa Tanga au Unguja kujiita Msomali au Mbajuni. Home Office ikaanza kuwapima watu kwa lahaja yao, na Mbajuni wa kweli aliyekimbia vita akawa anatiliwa shaka kwa uongo wa mwengine.

Katika mapitio ya mahakama jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu anayeomba ana wajibu wa kusema yote, pamoja na yale yanayomuumiza. Jaji anayetoa zuio usiku anategemea karatasi aliyopewa. Asubuhi ikigundulika kwamba aliyeomba alificha maombi yake ya zamani, zuio linaondoka na imani ya jaji inaondoka nalo. Wakili wako aujue uongo wa zamani kutoka kwako, kabla hajaambiwa na serikali.

Sisi wa huku

Familia za Ghuba hutuma pesa, na si vibaya. Lakini mara nyingi kinachohitajika khasa kipo huku au kule pwani, siyo benki. Cheti cha kuzaliwa cha mama kilichobaki Unguja. Barua ya daktari aliyemtibu. Hukumu ya talaka ya kadhi. Ripoti ya polisi ya mwaka ule nyumba ilipovunjwa. Ushahidi kwamba yule mjomba aliyetajwa kuwa atampokea huko alishafariki.

Karatasi hizi zinatakiwa ziwe mbele ya Home Office kabla ya uamuzi, kwa sababu mapitio hutazama kama ofisa alivipima vitu alivyokuwa navyo. Ushahidi uliobaki kwenye sanduku Mutrah, ofisa hawezi kulaumiwa kwa kutousoma. Home Office inapomwandikia mtu ataje sababu zake zote za kutaka kubaki, azitaje zote. Sababu iliyobakishwa kwa ajili ya baadaye huonekana imetungwa baadaye.

Kwa hivyo wazee wenzangu, simu ikilia, mambo ya kumuuliza mtoto ni haya. Barua ina tarehe gani? Inasema una haki ya rufaa au huna? Uliwapelekea karatasi gani, na kuna gani ambazo hawakuzitaja katika jibu lao? Nani wakili wako, na amesajiliwa wapi? Akishindwa kujibu, aisome barua ile kwenye simu neno kwa neno, na wewe uandike. Machozi yapo na yana wakati wake. Lakini siku zilizobaki zinahesabiwa kuanzia tarehe ya barua ile, na asubuhi ya kesho wakili atataka kuiona.